Tumbo la Jioni

Asubuhi tumbo la wifi yangu Zebider lilikuwa bapa kama ubao. Jioni lilikuwa tumbo la mja mzito wa miezi sita. Na kati ya asubuhi na jioni hakikupita kitu kingine ila chakula cha mama yangu.

Mimi ni Wudinesh, kitinda mimba wa Askale wa Debre Birhan. Siku hizo nilikuwa nafuma mablanketi ya sufu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo kila aliyeingia na kila aliyetoka alinipita mimi na kitanda changu cha kufumia. Kwetu ni juu, na baridi yake si ya mzaha. Asubuhi ukungu hulala chini juu ya mashamba ya shayiri, ukafungua mlango unamwona jirani kuanzia kiunoni kwenda juu, anaelea, na kondoo wake huwasikii ila kwa kengele. Mgeni husema ni kama kuishi ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Zebider ndiye aliyesema hivyo, wiki yake ya kwanza kwetu.

Kaka yangu Gizachew, dereva wa lori, alimtoa mbali, kusini, kwa Wagurage, ambako nyuma ya kila nyumba kuna shamba la ensete, ile migomba isiyozaa ndizi. Wenyewe hula shina lake. Hulikuna, hulifukia ardhini lichache, kisha hulichimbua wakaoka mkate wanaouita kocho. Zebider alikua kwa mkate huo, na majani ya sukuma, na nyama siku ya nyama. Kwetu alikuta injera, ule mkate wetu mpana wa nafaka ya tefu, na mchuzi wa shiro wa unga wa dengu, adesi, maharage, na juu ya yote hayo, vitunguu. Mama akipika mchuzi huanza na vitunguu vitupu, bila mafuta wala maji, anavikoroga juu ya moto hadi vinasahau kwamba viliwahi kuwa vitunguu. Ndipo hutia berbere yake.

Hiyo berbere ilikuwa na jina mtaani kote. Pilipili nyekundu iliyosagwa na viungo, kila nyumba inayo, lakini ya mama ilikuwa nyingine, na hakuna aliyejua kilichomo. Alifunzwa na mama yake, na alishasema atamwambia mtu mmoja tu kabla hajafa. Hata aliponituma sokoni aliniagiza na vitu asivyovihitaji, ili nisijue kipi ni kipi. Nami nilikuwa nangoja zamu yangu kwa adabu zote.

Basi bibi harusi alikula. Angefanyaje? Mama mkwe akikunja injera kwa vidole vyake, akaichovya, akakuletea tonge mdomoni, unafungua mdomo.

"Kula mwanangu. Tonge moja huleta ugomvi, mbili hupatanisha."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Ndege wa kwetu anakula kukushinda. Fungua."

Na Zebider alifungua. Baada ya hapo alikuwa akitoka polepole, mkono umeshika ubavu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba palipo na mikaratusi. Kuna siku alikimbilia chooni mara kwa mara, kisha zikafuata siku ambazo hakwenda kabisa. Alifunga mkanda asubuhi, adhuhuri akaulegeza, jioni akauvua. Hakumwambia mtu. Kwao mwanamke halalamikii chakula cha watu waliomwoa.

Aliyeona kwanza alikuwa Tiruye, jirani yetu, mwanamke ambaye habari zikimkosa huumwa kichwa. Alikuja jioni moja kuomba moto, akamwona Zebider ameinama kufagia, akaweka kigae chake chini.

"Askale! Wewe unafichwa habari ndani ya nyumba yako mwenyewe?"

"Habari gani?"

"Jicho lako umeliazima nani? Mtazame mkweo!"

Mama alitazama. Kisha alipiga vigelegele hadi mbwa wakaanza kubweka. Tangu jioni hiyo Zebider hakuinua ndoo ya maji tena. Mama alimwekea mto mgongoni, akamwongezea shiro, akamwongezea adesi, akasema mtoto anataka damu. Tumbo nalo likaitikia. Kila jioni lilikuwa juu.

Mtu atauliza, kwani Zebider mwenyewe hakujua? Nilimuuliza pia, baadaye sana. Alisema siku zake zilikuwa zimevurugika tangu ahamie kwetu, zinakuja zinapotaka. Alisema pia kwamba alikuwa ameanza kumwota mtoto.

Ndoto yenyewe alinisimulia siku zilezile, asubuhi moja, mimi nafuma, yeye anachambua sufu. Katika ndoto alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, katikati ya ensete, mvua inanyesha juu ya yale majani mapana kama mapaa. Chini ya jani moja ameketi msichana mdogo, mkavu kabisa, anamtazama bila kusema neno. Akimsogelea, msichana anahamia chini ya jani jingine.

"Ana sura ya nani?" nilimuuliza.

"Ana masikio ya kaka yako."

"Maskini mtoto!"

Tukacheka. Kisha nikamtazama alivyokaa, mkanda umembana vizuri, tumbo hakuna, na nikashindwa kujizuia.

"Wifi, lakini asubuhi huwa anakwenda wapi?"

Alivuta fungu jingine la sufu.

"Nadhani anakwenda kwetu," akasema. "Anaondoka na ukungu, jioni anarudi. Kwenu hapa kuna baridi."

Alisema kwa utulivu wa mtu anayekueleza njia ya sokoni. Nilitaka kucheka tena lakini kicheko hakikuja. Nikamwambia aende kupimwa. Akasema Mama ameshasema tumbo halihitaji karatasi. Nadhani alijua karatasi ingesema nini, na hakutaka isemwe.

Mvua zikaisha, maua ya njano yakafunika vilima, ikafika Meskel, sikukuu ya Msalaba. Mgurage hata awe wapi, Meskel humkuta kwao. Gizachew akampandisha mkewe kwenye lori, mama akamwekea mablanketi chini na maonyo juu, wakaondoka. Zebider alikaa kwao hadi maua yakanyauka. Gizachew alimwacha huko akarudi kazini, kisha akaenda kumchukua.

Siku waliyorudi nilikuwa mlangoni. Alishuka kwenye lori kwa kuruka. Kuruka! Uso umenawiri, mashavu yanang'aa, mkanda umefungwa mara mbili kiunoni kama wa msichana. Ilikuwa jioni, jua linakaribia kugusa vilima. Mama alitoka mbio na mikono mbele, akafika nusu ya ua, mikono ikashuka.

"Iko wapi?" mama aliuliza.

"Nini, mama?"

"Mimba. Mimba iko wapi?"

Gizachew alitazama magurudumu ya lori. Kumbe njia nzima hakujua aanzie wapi. Zebider alisema, "Mama, hakukuwa na kitu."

"Usiniambie hakukuwa na kitu. Nimekigusa kwa mkono huu!"

"Nilipofika kwetu lilishuka lenyewe. Siku chache tu. Sikunywa kitu, sikufanya kitu. Nilikula kocho nikalala."

 Mama aliingia ndani akatoka na kitambaa cheusi kichwani, kile alichomlilia baba. Watu walianza kuja kumpa pole, wanakaa kimya, wanakunywa kahawa yetu, wanaondoka. Tiruye hakuweza kukaa kimya. Nilimsikia jikoni anamnong'oneza mwenzake kwamba huko kusini wana mizizi yao, msichana akitaka kutoa, anatoa. Zebider alikuwa nyuma ya ukuta uleule, anaosha vikombe. Maji yakaacha kulia. Baada ya kitambo yakaanza tena.

Kwa siku kadhaa mama na Zebider walipishana kama watu wawili ndani ya ukungu, kila mmoja anamsikia mwenzake na hamwoni. Chakula kilikuwa kilekile. Shiro, adesi, maharage ya Ijumaa. Nami nikiwa nimekaa kitandani pangu pa kufumia niliona mkanda ukilegezwa tena, kidogo adhuhuri, kidogo alasiri.

Jioni moja alipita mbele yangu akaingia moja kwa moja kwa mama, akavua mkanda, akasimama mbele yake.

"Mama, gusa."

"Niache."

"Gusa, mama. Niambie kama ni yuleyule."

Mama aliweka kiganja. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma ya kanisani. Alikaa hivyo kwa muda, uso wake unabadilika. Kisha ndani ya tumbo kukatoka sauti ndefu, ya kupanda na kushuka, kama mlango wa ghala unaofunguliwa mbali.

"Anacheza?" mama alinong'ona.

"Mtoto gani anakoroma, mama?" nilisema mimi, na kwa hilo nililaaniwa kwa majina yote matatu.

Lakini kitambaa cheusi kilivuliwa. Mama sasa alikuwa na hofu nyingine. Aliamini ni pepo, na alfajiri akamchukua Zebider kwa Aba Mekonnen, baba yetu wa kiroho, apate maji matakatifu. Aba alisikiliza yote, ndevu zake zimetulia. Alimuuliza Zebider kama anaumwa kila siku. Akamuuliza anapokuwa kwao je.

"Maji nitampa," alimwambia mama, "na leo hii mtakwenda hospitali. Mungu hana wivu na daktari."

Zebider akapimwa vitu vyote. Damu, choo, picha ya tumbo. Hakukuwa na mtoto wala dalili kwamba aliwahi kuwapo. Hakukuwa na minyoo, hakukuwa na kidonda. Daktari aliuliza kama amewahi kuona damu chooni, kama anakonda, kama kuna mtu kwao aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Yote hapana. Akasema, "Utumbo wako ni mzima, dada, lakini ni mwepesi wa kuudhika."

"Kwa hiyo hana ugonjwa?" mama aliuliza.

"Anao, mama. Si kila ugonjwa hukubali kupigwa picha."

Akawapeleka chumba cha pili, kwa mtaalamu wa lishe aitwaye Hirut, msichana wa umri wangu mwenye sauti ya chini. Nilikuwapo, nimeshika mikoba. Alimwomba Zebider aeleze anachokula kwetu na alichokula kwao. Kila Zebider alipotaja mchuzi, mama alimsaidia kwa fahari: vitunguu kiasi gani, vinakorogwa muda gani. Hirut aliitikia kwa kichwa tu.

"Mama, vitunguu, vitunguu saumu, dengu, adesi, maharage," alisema, "vyote hivyo vina aina ya sukari ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuisaga vizuri. Inashuka hivyohivyo. Maji yanaifuata. Halafu vijidudu vya chini huko vinaila, na vikila vinatoa gesi."

"Kwa yeye tu?"

"Kwa kila mtu. Wewe mama, hujambi?"

"Mimi? Mjane wa watu?"

Nilitazama dari. Zebider aliuma mtandio wake, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Meskel kuona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Basi sisi wengine tunajamba," Hirut alisema bila kutabasamu, "na utumbo wetu hata hauamki. Wa kwake una usingizi mwepesi. Jambo dogo likipita, unashtuka. Unavimba, unakaza, unauma. Hajifanyi, na hakuna aliyemroga."

Alimwambia aviache vitu hivyo vyote kwa wiki chache. Ale wali, viazi, karoti, majani ya sukuma, mayai na nyama siku zisizo za mfungo, na injera ya tefu tupu, isiyochanganywa na shayiri wala ngano. Tumbo likitulia, virudishwe kimoja kimoja, kidogo kidogo, ili ajulikane adui ni nani na rafiki ni nani. Si kwa maisha yote, alisisitiza. Na njia hii si kila mtu humsaidia. Zebider akamuuliza kuhusu kocho.

"Kocho sijui vizuri," Hirut alisema. "Imechacha muda mrefu, na si kitunguu. Lakini huko ulikuwa pia kwa mama yako. Utumbo na moyo vimefungwa kamba moja, kimoja kikivutwa kingine kinajua."

Tulipofika darajani mama akasimama.

"Amenitukana."

"Hajakutukana, mama," nilimwambia.

"Amesema mkono wangu una sumu. Mchuzi bila kitunguu! Hayo ni maji ya kunawia."

Hata hivyo alipika. Alipika viazi na karoti kwa uso wa mtu anayeosha maiti, akavitia katika sahani ndogo, akaiweka pembeni. Hiyo sahani ndogo ndiyo iliyoumiza kuliko tumbo. Kwetu tunakula sinia moja. Zebider alikaa na kisahani chake mapajani, sisi tumeinamia sinia, na kati yetu palikuwa na hatua tatu zilizokuwa ndefu kama njia ya kusini. Gizachew aliporudi safari akasimama mlangoni, akatazama sinia, akatazama kisahani.

"Nani kafa?" aliuliza.

 Alinawa, akaenda kuketi karibu na mkewe, akala viazi visivyo na kitu hadi vikaisha, akaomba vingine. Mama alimtazama mwanawe anavyotafuna chakula kisicho na mchuzi wake, akainuka akaenda jikoni, akakaa huko.

Tumbo lilitulia, lakini si lote. Siku mbili shwari, siku ya tatu linapanda. Hirut alipopigiwa simu akauliza tena kila kilichoingia chunguni. Viazi, karoti, mafuta, chumvi, berbere.

"Hiyo berbere ina nini?"

Zebider akanitazama. Nikamtazama mama. Mama akatazama ukuta.

"Hiyo haiulizwi," alisema.

"Mama, daktari anataka kujua tu kama—"

"Wewe Wudinesh nyamaza. Nimekwisha kupika viazi kama mfungwa. Nimekwisha kununua tefu tupu. Hiyo haiulizwi."

Zebider alimwambia Hirut kwamba hatujui, akakata simu, na tangu hapo akala viazi vyake kwa chumvi. Hakulalamika. Angelalamika, mama angeweza kupigana naye. Ule ukimya wake ndio uliomshinda.

Kisha mama akaota. Nyumba yetu ilikuwa imejaa ndoto mwaka ule, sijui ni ule ukungu. Alimwona mama yake, bibi yangu, ambaye mimi sikumjua, anatwanga kwenye kinu uani. Anatwanga na kutwanga, na kila anapoinua mchi kinu ni kitupu. Mama akamuuliza, unatwanga nini? Bibi akasema, sijui, hakuna aliyeniambia. Akaendelea kutwanga.

Alinisimulia ndoto hiyo kabla ya kwenda kanisani, amekaa kitandani, nywele wazi. Aliporudi kanisani alituita sote wawili jikoni, mimi na wifi yangu.  Nilijua alichotuitia. Nilifuta mikono nikaketi.

"Wewe toka," mama aliniambia.

"Mimi?"

"Toka, ufunge mlango."

Nilitoka. Nilifunga mlango. Kisha nikabandika sikio, kwa sababu mimi pia ni binti wa mtu. Sauti ya mama ilikuwa chini, kama anaungama. Nilisikia tangawizi. Nilisikia majani ya mrehani. Kisha akasema, "Na kitunguu saumu. Kingi. Na vitunguu vidogo vyekundu, vinapondwa pamoja na pilipili vikiwa vibichi, halafu ndipo vinaanikwa. Vikikauka huvioni tena. Ndiyo maana haitambuliki." Baada ya hapo palikuwa na jambo jingine, neno moja au mawili, ambalo sikulisikia na hadi leo sijalisikia. Nilichosikia ni Zebider kulia, na mama kusema, "Basi, basi. Sikujua, mwanangu. Nilikuwa nakulisha kwa mkono wangu. Sikujua."

Nilimwandama wifi yangu kwa siku nyingi.

"Niambie hilo la mwisho."

"Muulize mamako."

"Wifi, mimi nimezaliwa humu!"

"Ndiyo maana ulitolewa nje. Wenye nyumba hawana haraka."

Mama alitengeneza berbere mpya. Lilikuwa jua kali la kiangazi, pilipili zimeanikwa uani juu ya mkeka, ua wote mwekundu, na kila aliyepita alipiga chafya. Hakutia kitunguu wala saumu. Aliongeza tangawizi, akaongeza mambo mengine, akaonja, akatema, akaonja tena. Wakati mwingine alimwita Zebider aonje, nao wakasimama pale vichwa vimekaribiana, ndimi nje, kama kondoo wawili kwenye chumvi.

Haikupita wiki. Jioni moja Zebider alikaa kizingitini, mkanda umefungwa tangu asubuhi, anatazama tumbo lake. Jua likazama. Tumbo lilikaa palepale lilipokuwa. Kesho yake pia. Siku ya tatu nilimkuta analia, na nilidhani maumivu yamerudi, nikaenda kumwita mama. Mama aliketi kando yake, akamfunika na pembe ya mtandio wake.

"Unaumwa?"

Alitikisa kichwa. "Siumwi popote. Nimelala wiki nzima na sijamwota."

Mama hakumuuliza nani.

"Hakuwapo, mama. Najua hakuwapo."

"Najua."

"Sasa nalilia nini?"

"Hata mimi sijui," mama alisema. "Hata mimi namlilia."

Walikaa hapo mpaka vilima vikawa vya zambarau, kisha vyeusi, na mimi nikapika chakula cha jioni ambacho hakuna aliyekisifu.

Kwaresima ilipokuja ndipo kazi ya kurudisha vitu ilipoanza, na mimi nilidhani itatushinda, kwa sababu katika mfungo wa Kwaresima mtu wa kwetu hali nyama wala maziwa wala mayai, anaishi kwa dengu na adesi. Mama alikuwa ameshajiandaa kwenda kumwombea Zebider ruhusa kwa Aba. Zebider akakataa. Alianza na kijiko cha adesi, akangoja. Kimya. Vijiko viwili, kimya. Bakuli, ngoma ikalia. Basi ikajulikana kipimo chake. Shiro nayo ilimkubali ikiwa kidogo, pembeni ya injera, si mto wa kuogelea. Kitunguu kilikataa kabisa, hata kipande, lakini majani yake ya kijani yalipita. Saumu ilikataa, ila mama alifunzwa na Hirut kwamba akikaanga saumu katika mafuta kisha akaitoa, harufu hubaki na ubaya huondoka. Mama alikaa na hilo siku nzima. "Harufu hubaki," alikuwa akijisemea, anakoroga. "Tazama mambo ya Mungu."

Isidhaniwe kwamba alipona. Siku Tiruye alipomuuliza mbele ya watu, kwenye kahawa, kama mwaka huu atazaa kweli au ataleta upepo tena, Zebider hakuwa amekula kitu kibaya hata chembe, na tumbo lilivimba kabla kikombe cha pili hakijamiminwa. Ile kamba ya Hirut. Mama aliweka birika chini.

"Tiruye," alisema, "wewe unakula kila kitu na hakuna kinachokukaa isipokuwa habari za watu. Nenda ukapimwe."

Watu walicheka hadi kahawa ikapoa. Tiruye alinuna kwa mwezi mmoja, kisha akaja kuomba ile berbere mpya, kwa ajili ya mumewe ambaye tumbo lake, alisema, linamlaza macho. Mama alimpimia kikombe. Kilichomo hakumwambia.

Mimi niliolewa mwaka uliofuata, nikashukia bondeni kwenye joto, mahali ambapo asubuhi unaona kila kitu hadi mwisho. Watu huniuliza kama Zebider alipata mtoto. Bado. Gizachew hajasema neno, na mama ameacha kuhesabu. Sinia limerudi kuwa moja. Upande wa Zebider kuna vyake, upande wetu vyetu, na katikati huwa kuna kitu ambacho kila mtu anaweza kukila.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuwasalimu niliamka nikakuta nyumba tupu. Nilifungua mlango, nje ni nyeupe tupu, hata mikaratusi haionekani. Kisha nikawasikia, mahali fulani barabarani, wanakwenda sokoni.

"Jana ulinunua karoti zilizozeeka, mama."

"Zimezeeka wapi? Wewe ndiye unayechagua kama unachagua mchumba."

"Nilichagua mchumba vizuri."

"Ulichagua masikio yale? Shika mkono wangu, kuna maji hapo."

"Nimeona."

"Hujaona kitu. Shika."

Nilisimama kizingitini na shuka mabegani, nawasikiliza wakiteremka, hadi kengele za kondoo zikafunika sauti zao.